Kidato cha tano au diploma? Njia mbili za kufika chuo kikuu baada ya kidato cha nne

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kwa kawaida mwezi Januari, nyumba nyingi Tanzania Bara hugeuka baraza. Baba anataka mtoto aende kidato cha tano kwa kuwa ndiyo njia aliyopita yeye. Mjomba anasema diploma ndiyo yenye ajira. Shangazi anakumbusha kwamba kijana wa jirani alimaliza kidato cha sita na bado yupo nyumbani. Kila mtu ana njia yake mkononi, na karatasi ya matokeo imelala mezani haijasomwa zaidi ya ule mstari wa divisheni.

Ianzwe na karatasi hiyo. Cheti cha kidato cha nne hakiishii kidato cha nne. Siku ya kuomba chuo kikuu kitaulizwa tena, umepita kidato cha sita au umepita chuo cha kati (ndicho kinachotoa diploma), na D moja iliyokosekana leo inaweza kufunga mlango miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo ulinganisho huu hauulizi njia ipi ni bora. Unauliza alama hizi, na mfuko huu, vinakufikisha wapi kwa kila njia.

Nani anapokelewa wapi

NECTA, yaani Baraza la Mitihani, hutoa pointi kwa kila alama: A (75–100) ni pointi 1, B (65–74) ni 2, C (45–64) ni 3, D (30–44) ni 4, na F ni 5. Huchukuliwa masomo saba bora. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni I, 18 hadi 21 ni II, 22 hadi 25 ni III, 26 hadi 33 ni IV.

Ili TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi, impangie mwanafunzi shule ya serikali kidato cha tano, lazima awe na masomo matatu angalau yenye C au zaidi (ya dini hayahesabiwi), na jumla ya pointi isizidi 25. Hapo wengi husimama na kushangilia. Lakini lipo sharti la tatu, nalo ndilo linaloangusha watu: masomo matatu ya tahasusi, au kombi kama wanafunzi wanavyoiita, yakijumlishwa pointi zake yasizidi 10, na pasiwe na F hata moja ndani yake.

Tazama mfano. Kijana anataka PCB. Ana Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C: 4 + 3 + 3 = 10. Anapita, tena kwa kukwaruza. Mwenzake ana Fizikia D, Kemia D, Baiolojia C: 11. Hapangiwi PCB, hata kama divisheni yake ni II na ya yule wa kwanza ni III. Huyo huyo wa pili akiwa na Historia B, Jiografia C na Kiingereza C, kombi ya HGL inampa 8 na mlango uko wazi. Divisheni ni sifa ya kusimulia ukweni. Kinachopangwa ni kombi.

Sharti la C tatu halikwepeki kwa kwenda shule binafsi, maana NECTA nayo hulitaka kwa mtu yeyote anayejisajili kufanya mtihani wa kidato cha sita. Shule ikikuambia "njoo tu, tutaona", hakuna cha kuonwa.

Upande wa diploma kizingiti kiko chini zaidi. Vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, hupokea mwenye D nne za masomo yasiyo ya dini, anaanza ngazi ya NTA 4, kisha 5, kisha 6 ambayo ndiyo diploma yenyewe. Kila ngazi ni mwaka mmoja. Ila D nne zozote hazitoshi kila mahali. Utabibu unataka Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwe ndani ya hizo nne. Vyuo vya serikali vyenye jina, kama DIT ya Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, hugombewa, na mwenye D tupu hapambani sawa na mwenye C na B.

Jambo moja kuhusu Selform. Fomu hiyo, ambayo ndani yake mwanafunzi huchagua kombi pamoja na vyuo vya kati, hujazwa shuleni kabla ya mtihani, wakati kila mtu bado ni daktari mtarajiwa. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha machaguo kwa mtandao. Wengi hawaingii. Halafu Juni majina yanatoka, mtoto amepangiwa kombi asiyoitaka, na familia inaanza kutafuta uhamisho ambao hauji kirahisi. Dirisha likifunguka, kaa na matokeo halisi, jumlisha pointi za kila kombi, futa zote zilizozidi 10, kisha panga upya. Ni kazi ya nusu saa.

Muda

Mwaka wa matokeo uite mwaka wa 1.

| | Kidato cha tano na sita | Diploma |
|---|---|---|
| Kuanza | Julai, mwaka wa 1 | Oktoba, mwaka wa 1 (kozi nyingine zina awamu ya Machi) |
| Kumaliza | Mei, mwaka wa 3 | Katikati ya mwaka wa 4 |
| Kuingia chuo kikuu | Oktoba au Novemba, mwaka wa 3 | Oktoba au Novemba, mwaka wa 4 |
| Kumaliza shahada ya miaka 3 | Mwaka wa 6 | Mwaka wa 7 |
| Akiishia njiani | Cheti cha kidato cha sita, hana fani | Ana fani mkononi |

Tofauti ni mwaka mmoja tu, na wenye diploma kwa kawaida huanza shahada mwaka wa kwanza kama wengine. Usiamini chuo kinachoahidi kukurusha hadi mwaka wa pili mpaka umeiona ahadi hiyo kwenye mwongozo wa udahili.

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio mzito. Kidato cha sita peke yake hakimwajiri mtu. Ni daraja, na daraja halina maana bila ng'ambo. Fundi sanifu wa umeme au mtabibu mwenye diploma anaweza kufanya kazi miaka miwili mitatu, akaweka akiba, kisha akarudi kusoma shahada. Familia isiyo na uhakika wa pesa za chuo kikuu iliangalie hili kabla ya kuangalia heshima.

Pesa

Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na sita katika shule zake kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Kinachobaki ni nauli, sare, michango, na orodha ya vitu kwenye fomu ya kujiunga: godoro, shuka, ndoo, rimu ya karatasi, jembe au fyekeo. Orodha hiyo huweza kumaliza pesa ya mzazi kwa wiki moja, lakini inalipwa mara moja. Ukiwa na nafasi ya serikali, hakuna njia nyingine inayoikaribia kwa unafuu.

Diploma ni ada ya miaka mitatu. Vyuo vya serikali ni nafuu kuliko binafsi, na chuo binafsi cha afya si ajabu kuvuka shilingi milioni moja kwa mwaka kabla hujalipa chumba na chakula. Kosa la kawaida ni kuuliza "ada ni shilingi ngapi?" na kuridhika na jibu. Omba mchanganuo wote kwa maandishi: ada, mitihani, bima ya afya, sare za maabara au wodini, kitambulisho, mafunzo kwa vitendo, usajili. Kisha zidisha kwa tatu, ongeza chumba. Wanaoacha chuo kwa kukosa pesa huwa walijua ada tangu mwanzo. Kilichowashinda ni vile vijistari vya chini.

Mkopo upo, ila si kwa kila mtu. Bodi ya Mikopo (HESLB) ilianza kukopesha wanafunzi wa diploma mwaka wa masomo 2023/24, na si kwa kozi zote: ni maeneo ya kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi na hisabati, uhandisi, nishati na madini, usafirishaji, kilimo. Anayesoma diploma ya utawala au masoko ajipange bila bodi. Kwenye shahada, aliyetoka kidato cha sita na aliyetoka diploma wote wanaomba. Na tukumbushane: mkopo wa diploma na wa shahada yote ni madeni, na ukiajiriwa mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara hadi yaishe.

Masomo yenyewe yanavyokwenda

Kidato cha tano kinamfaa anayeweza kusoma kwa muda mrefu bila kuona matunda. Silabasi ni ndefu, muda ni mfupi, na mtihani wa mwisho uko Mei ya mwaka wa 3. Muhula wa kwanza huwashtua hata waliopata A: Fizikia ya kidato cha tano haifanani na ile waliyoizoea, na mwenye D ya Hisabati ataisikia kwenye kila sura ya mekanika. Yule aliyeingia PCB kwa pointi 10 zenye D ya Fizikia anahitaji mpango wa somo hilo tangu siku ya kwanza. Akisubiri kidato cha sita amechelewa.

Chuo cha kati kinakwenda kwa muhula. Majaribio, kazi za vikundi na vitendo huchangia alama, mara nyingi 40 kwa mia, na mtihani wa mwisho wa muhula 60. Ukianguka moduli unapata sapu, unarudia mtihani. Hilo linasikika kama huruma, nalo ni huruma kweli, lakini lina upande wake wa pili: mtu anaweza kuanguka polepole. Sapu mbili muhula huu, tatu ujao, halafu kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Na aliyekuwa bweni kwa miaka minne chini ya kengele anajikuta ana chumba cha kupanga, simu, na mhadhiri asiyemuuliza kwa nini hakuja. Wazazi hulitaja hili mwisho, lilipaswa kuwa la kwanza.

Mlango wa chuo kikuu

Hapa ndipo tofauti inapouma.

TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa aliyemaliza kidato cha sita inataka prinsipo mbili, yaani masomo mawili yenye E au zaidi, na jumla ya pointi zisizopungua 4.0 katika masomo hayo mawili. Pointi za TCU huhesabiwa kinyume na za NECTA: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Watu huchanganya mizani hizi mbili kila mwaka.

Chukua wanafunzi wawili. Wa kwanza ana E, E, E. Kwa mizani ya NECTA ya kidato cha sita, ambayo si ile ya kidato cha nne (hapa E ni 5 na F ni 7), ni 5 + 5 + 5 = 15, divisheni III. Wa pili ana C, E, F: 3 + 5 + 7 = 15, divisheni III hiyo hiyo. Wa kwanza hajafeli somo lolote, ila masomo yake mawili yanampa TCU 1 + 1 = 2. Haingii shahada. Wa pili ana F wazi kwenye cheti, lakini 3 + 1 = 4, na ametimiza kiwango cha chini, mradi masomo hayo mawili ndiyo yanayotakiwa na kozi anayoiomba. Funzo kwa aliye kidato cha sita ni moja: ukiona muda umekuishia, okoa masomo mawili yawe mazuri kuliko kugawa nguvu sawa kwa matatu na kupata E za kusambaza.

Kwa aliyetoka diploma, TCU inataka GPA (wastani wa pointi za masomo ya chuo) isiyopungua 3.0 pamoja na zile D nne za kidato cha nne. Kwenye NTA 6, diploma hupatikana kwa kuanzia GPA ya 2.0. Maana yake kuna wahitimu wenye joho, picha na cheti halali, wenye GPA ya 2.4 au 2.8, ambao chuo kikuu hakiwapokei moja kwa moja. GPA ya 3.0 kwa mizani ya NTA 6 ni kama wastani wa B, alama 55 hadi 64. Anayetaka shahada aiwinde B tangu mwanzo, asiridhike na "nimepita".

Diploma pia inakufunga kwenye mstari wake. Mwenye diploma ya uhasibu anaomba shahada za biashara na fedha. Hawezi kuamka akaomba uhandisi. Wa kidato cha sita mwenye PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) ana uwanja mpana: uhandisi, takwimu, kompyuta, usanifu majengo, ualimu wa sayansi, hata baadhi ya kozi za uchumi. Kijana wa miaka 17 asiyejua anataka nini anapewa na kidato cha tano miaka miwili zaidi ya kufikiri. Anayejua kwa uhakika hana sababu ya kulipia miaka hiyo.

Udaktari unastahili aya yake kwa sababu ndiyo ndoto inayovunjika vibaya zaidi. Kwa kidato cha sita, kiwango cha chini ni prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, D kwa kila moja; hicho ni cha kuomba, si cha kuchaguliwa, na vyuo vikubwa hujaza nafasi kwa alama za juu zaidi sana. Kwa njia ya diploma ya utabibu, inatakiwa GPA ya 3.0 au wastani wa B, na juu yake cheti cha kidato cha nne chenye angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Isome tena orodha hiyo. Kuingia diploma ya utabibu, F ya Hisabati haikuzuii. Unasoma miaka mitatu, unakaa wodini, unapata GPA ya 4.1, halafu siku ya kuomba shahada ya udaktari ile F ya kidato cha nne inasimama mlangoni. Dawa yake ni kurisiti Hisabati, yaani kurudia mtihani wake, kama mtahiniwa wa kujitegemea, na wakati mzuri ni mwaka wa kwanza wa chuo, kabla hesabu haijasahaulika kabisa.

Makaratasi yanayozamisha kila njia

Wa kidato cha sita kikwazo chake ni kalenda. Wanamaliza Mei, wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na madirisha ya maombi ya vyuo vikuu hufunguka Julai matokeo yakishatoka, wakati kijana yuko kambini bila simu. Kabla hajaondoka, aache nyumbani namba ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, barua pepe na nywila yake, na orodha ya kozi tano kwa mpangilio, zilizokwisha linganishwa na mwongozo wa TCU. Laini ya simu itakayotumika kwenye maombi ibaki kwa mtu anayejua kusoma SMS. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unapaswa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye laini hiyo. Ikiwa imezimwa ndani ya begi kambini, nafasi inampita.

Wa diploma kikwazo chake ni AVN. Hiyo ni namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET, na bila hiyo mfumo wa chuo kikuu haukutambui kama mhitimu. NACTVET haiwezi kuitoa mpaka chuo chako kimewasilisha matokeo ya mwisho. Chuo kikizembea wiki tatu, dirisha la kwanza limekwisha na kozi zinazogombewa zimejaa. Muulize mkuu wa taaluma tarehe ya kuwasilisha matokeo kabla ya mtihani wa mwisho, na uulize tena wiki moja baadaye. Kero hiyo ni halali yako.

Wote wawili wanaunganishwa na jina. Mfumo huvuta jina kutoka NECTA kwa namba ya mtihani. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mwanaidi na cha kidato cha nne kikisema Mwanahidi, bodi ya mikopo itakwama hapo. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi (kwa Zanzibar ni wakala wa huko wa matukio ya kijamii), na marekebisho ya jina huchukua muda. Yafanyike likizo ya kidato cha tano au mwaka wa kwanza wa chuo, si Julai ya maombi.

Na kabla ya kulipa senti kwa chuo cha kati, fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET uangalie vitu viwili, si kimoja: chuo kimesajiliwa, na kozi hiyo hasa imeidhinishwa katika chuo hicho. Chuo halali chenye kozi isiyo halali kipo. Kozi za afya huombwa kupitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Nyingi nyingine huombwa chuoni moja kwa moja. Anayekuambia atakupitishia afya pembeni anataka pesa yako.

Tungemshauri nani aende wapi

Mwenye divisheni I au II, kombi isiyozidi pointi 7 au 8, na nafasi ya shule ya serikali: kidato cha tano, bila kuzunguka. Gharama ni ndogo na uchaguzi wa mbele ni mpana.

Mwenye divisheni III na kombi ya pointi 9 au 10 ndiye mwenye uamuzi mgumu. Kama anataka fani inayojulikana, maabara, umeme, maji, uuguzi, na D za masomo husika anazo, diploma humweka mahali salama zaidi kuliko PCB ya kusukuma. Akiwa bado hajui anachotaka na ana C za sanaa, HGL au HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) si aibu hata kidogo. Tatizo ni kuilazimisha sayansi kwa sababu ya jina.

Mwenye divisheni IV, kidato cha tano cha serikali kimefungwa. Diploma ipo kama D nne zinatimia. Akiwa na C mbili na ameikosa ya tatu kidogo, kurisiti mwaka mmoja kwa masomo machache aliyoyachagua kuna maana. Kurisiti masomo saba yote huwa ni kurudia makosa yale yale kwa gharama mpya.

Waliokwishateleza wana njia pia. Aliyemaliza kidato cha sita akakosa 4.0 lakini ana prinsipo moja na subsidiari moja (alama ya S, iliyo chini ya E) anaweza kuingia diploma kwenye NTA 5 na kuimaliza kwa miaka miwili badala ya mitatu. Aliyepata diploma chini ya 3.0, au kidato cha sita chini ya 4.0, anaweza kuangalia programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambako akipata GPA ya 3.0 anaruhusiwa kuomba shahada. Aulize kwanza chuo anachokilenga kama kozi anayoitaka inapokea waliopita huko.